Uwanja wa Gofu Katika Kiganja

Wanahistoria wana desturi ya kupima jambo kwa kishindo chake. Vita, mapatano, njaa na maanguko ya enzi hujaza vitabu. Michezo hupewa tanbihi, na michezo inayochekesha haipewi hata hiyo. Desturi hii ina sababu zake, kwa kuwa karatasi ni chache na mambo ni mengi. Walakini mwanadamu hapimwi kwa kazi zake peke yake. Hupimwa pia kwa namna anavyopumzika, na kwa watu aliokubali kupumzika pamoja nao. Aliyesema kuwa mdharau mwiba mguu huota tende hakuwa akiwaonya wapita njia tu. Aliwaonya na waandishi.

Jambo nitakalolieleza hapa ni dogo kwa umbo. Ni mchezo wa gofu uliotiwa ndani ya mashine ya kushikwa mkononi, mashine yenye kioo kisichozidi sana ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. Ndani ya kioo hicho yumo mtu mfupi mwenye fimbo. Mbele yake pana majani, mchanga, maji na bendera. Mchezaji hubonyeza kitufe, mpira huruka, na ukianguka majini mtu yule mfupi huinamisha kichwa kwa huzuni inayochekesha. Hayo ndiyo yote yaonekanayo. Lakini gofu, kama ijulikanavyo na wengi, ni mchezo wa ardhi kubwa, fedha nyingi na malango yenye mabawabu. Mchezo wa namna hiyo uliingiaje katika mfuko wa kijana asiye na shamba wala mshahara? Nani aliufungulia lango, na alilifungua kwa ufunguo gani? Maswali haya yanastahili kujibiwa kwa utaratibu, na jibu lake linaanzia mbali na mashine.

Habari ya kwanza ya gofu iliyoandikwa kwa hakika ni katazo. Mwaka 1457 Bunge la Uskoti, katika enzi ya Mfalme James wa Pili, lilipiga marufuku mpira wa miguu na gofu ili watu wapate wasaa wa kujizoeza upinde. Marufuku hayo yalirudiwa mwaka 1471 na tena mwaka 1491. Katazo hili hutajwa mara nyingi kama kichekesho, lakini mwenye kulisoma kwa makini huona ushahidi ndani yake. Wapiga upinde wa jeshi hawakuwa mabwana. Walikuwa watu wa kawaida. Serikali haikutungi sheria mara tatu dhidi ya mchezo unaochezwa na watu kumi. Maadamu mchezo ule uliwapotezea watu wengi muda wa mazoezi ya vita, basi ulikuwa mchezo wa wengi. Juu ya hayo, ulichezwa katika nyika za mchanga zilizo kando ya bahari, ardhi isiyofaa kwa kilimo, na katika mji wa St Andrews ardhi ya namna hiyo ilikuwa haki ya wenyeji wote: mmoja alichunga, mwingine akaanika nguo, wa tatu akapiga mpira wake.

Malango yalikuja baadaye. Mwaka 1744 waungwana wa Leith, karibu na Edinburgh, waliandika sheria 13 za mchezo ili washindanie fimbo ya fedha. Mwaka 1764 uwanja wa St Andrews ulipunguzwa ukawa na mashimo 18, na hesabu hiyo ikawa kipimo cha dunia nzima. Sheria na vipimo ni vitu vyema, lakini viliandamana na vyama, na vyama viliandamana na ada, mavazi na orodha za majina. Hata mpira wenyewe ulikuwa lango. Katika zama hizo mpira ulishonwa kwa ngozi na kushindiliwa manyoya, na fundi hodari alimaliza michache tu kwa siku. Kwa sababu hiyo bei yake iliwashinda wengi. Mnamo mwaka 1848 ulitokea mpira mwingine uliofanywa kwa utomvu wa miti ya Malaya, uitwao gutta-percha. Uliweza kuyeyushwa na kufinyangwa upya ukiharibika, na bei yake ilikuwa sehemu ndogo ya bei ya ule wa manyoya. Gofu ikapata wachezaji wapya kwa maelfu. Naomba msomaji aishike nukta hii, kwa kuwa itarudi katika sura nyingine: lango la mchezo huu halikufunguliwa na wema wa mabwana. Lilifunguliwa na kitu rahisi kilichochukua mahali pa kitu ghali.

Gofu ilisafiri na Waingereza popote walipokwenda, na mara nyingi ilisafiri pamoja na malango yake. Sisi wa Afrika ya Mashariki tunayajua malango hayo. Klabu ya gofu ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1906, wakati mji wenyewe ulikuwa bado haujatimiza miaka kumi, na katika zama za ukoloni Mwafrika aliingia katika viwanja vya namna hiyo akiwa mbeba fimbo au mkata majani. Aliujua mchezo kwa macho na kwa mabega kabla ya kuujua kwa mikono. Sitaji hili kwa kufufua uchungu. Nalitaja kwa sababu linatupa jicho la kuitazama nchi ambayo mchezo wetu wa kiganjani ulizaliwa, yaani Japani, ambako lango lilikuwa la namna nyingine lakini halikuwa jepesi zaidi.

Huko Japani mfanyabiashara Mwingereza aitwaye Arthur Hesketh Groom alitengeneza mashimo manne juu ya Mlima Rokko, karibu na Kobe, mwaka 1901. Miaka miwili baadaye klabu ya Kobe ikafunguliwa, ya kwanza katika nchi ile. Kwa nusu karne gofu ilibaki mchezo wa wageni na matajiri. Mwaka 1957 timu ya Japani ilishinda mashindano ya Kombe la Kanada yaliyofanyika katika uwanja wa Kasumigaseki, na Torakichi Nakamura akashinda pia kwa nafasi ya mtu mmoja mmoja. Taifa lilishikwa na homa ya gofu. Lakini homa ilikutana na jiografia. Japani ni nchi ya milima. Tambarare zake chache zinagombewa na mpunga, viwanda na nyumba, ilhali uwanja kamili wa mashimo 18 hula hekta 50 au zaidi. Milima ikachongwa, misitu ikakatwa, na uanachama wa klabu ukawa bidhaa inayouzwa na kununuliwa kama hisa za kampuni. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980, wakati bei za ardhi zilipopanda kupita akili, uanachama wa baadhi ya klabu uliuzwa kwa zaidi ya yen milioni 100. Mamilioni ya watu wa mijini waliridhika kusimama katika majengo ya ghorofa yaliyozungushiwa nyavu, wakipiga mipira mbele yao jioni baada ya kazi. Kulikuwa na watu waliopenda gofu kwa miaka mingi bila kuona majani halisi ila kwa nadra.

Katika nchi hiyo, na kwa ajili ya watu hao, mchezo wetu ulitungwa. Kampuni ya Nintendo ilianzishwa Kyoto mwaka 1889 kwa kazi ya kutengeneza karata za maua, na ilipofika miaka ya 1980 ilikuwa imegeukia mashine za michezo. Mwaka 1984 ilitoa mchezo ulioitwa kwa jina moja tu, Golf, kwa ajili ya mashine yake ya nyumbani iliyochomekwa katika televisheni. Programu yake iliandikwa na kijana wa miaka ishirini na minne, Satoru Iwata, mzaliwa wa Sapporo, aliyefanya kazi katika kampuni ndogo ya HAL Laboratory. Kazi aliyopewa ilikuwa ya kutia mashimo 18 ndani ya kaseti ambayo kumbukumbu yake yote haikufika kilobaiti 30. Barua moja ya kawaida iliyopigwa picha kwa simu za siku hizi hula kumbukumbu nyingi kuliko hiyo. Ilimlazimu kuibana kila habari ya uwanja, kila mti na kila tone la maji, mpaka ikaenea.

Lakini sifa kubwa ya kazi ile ni kujibu swali gumu: utamfanyaje mtu ahisi kuwa anapiga mpira wa gofu, ilhali mikono yake imeshika vitufe viwili tu? Jibu lilikuwa mstari mmoja na mibonyezo mitatu. Mchezaji akibonyeza mara ya kwanza, alama ndogo huanza kutembea juu ya mstari. Akibonyeza mara ya pili, hukata nguvu ya pigo: alama ikiwa imekwenda mbali, pigo ni kubwa, ikiwa karibu, ni dogo. Kisha alama hurudi, na mbonyezo wa tatu hukata unyofu. Akiwahi, mpira hupinda upande mmoja. Akichelewa, hupinda upande mwingine. Akiipata nukta yenyewe, mpira huenda sawa na nia yake.

Mtu aweza kuuona utaratibu huu kuwa mchezo wa watoto wa kukamata kivuli. Ukitafakari, utaona kwamba umechagua kiini cha gofu na kuyaacha maganda. Pigo la gofu lina sehemu tatu: kuamua, kuinua na kushusha. Kosa la mpigaji halitokani na udhaifu wa misuli. Mara nyingi hutokana na pupa au woga, na hivyo viwili ndivyo vinavyomfanya mtu awahi au achelewe. Mibonyezo mitatu huipima nafsi ile ile ambayo fimbo huipima. Ndiyo maana utaratibu huo, baada ya mwaka 1984, uliigwa na watungaji wengi wa michezo ya gofu, na wengine wanautumia hata sasa. Kwa maneno mengine, kile ambacho klabu zilikiuza pamoja na ardhi, mavazi na heshima, kilitenganishwa navyo. Utulivu wa nafsi wakati wa kupiga haukuhitaji tena hekta 50.

Ilibaki kuutoa mchezo chumbani. Kazi hii ilifanywa na mtu mwingine wa kampuni ile ile, Gunpei Yokoi, aliyeajiriwa mwaka 1965 kuangalia mashine za kutengenezea karata. Yokoi alikuwa na kanuni yake: kuchukua ufundi uliokwisha kuzoeleka na kushuka bei, kisha kuutumia katika njia ambayo haijafikiriwa. Mwaka 1980 alitoa vidude vidogo vya Game & Watch. Mwaka 1989 ikatoka mashine ya Game Boy, matunda ya kanuni hiyo. Kioo chake kilikuwa na nukta 160 kwa 144 na vivuli vinne tu, bila rangi. Washindani wake walileta mashine zenye rangi na mwanga, na kwa wingi wa picha waliishinda mbali. Lakini mashine zao zilikula betri kwa ulafi na bei zao zilikuwa juu. Ile ya Yokoi ilitumia betri nne za kawaida zilizodumu kwa zaidi ya saa kumi. Pamoja na mrithi wake wa rangi wa mwaka 1998, iliuzwa kwa idadi ipitayo milioni 118. Hapa ile nukta niliyomwomba msomaji aishike imerudi: utomvu wa Malaya ulifanya kazi yake katika karne ya 19, na kioo duni cha vivuli vinne kikafanya kazi hiyo hiyo katika karne ya 20.

Gofu ilitiwa ndani ya mashine hiyo mwaka ule ule wa 1989, na ilikaa humo kana kwamba ilizaliwa humo. Sababu yake inafaa kuelezwa. Michezo mingi ya vioo humkimbiza mchezaji: adui anakuja, risasi inaruka, saa inakwisha. Gofu humngoja. Mpira uliolala juu ya majani hauondoki mpaka upigwe. Abiria aweza kupiga pigo moja, akashuka katika gari moshi, akapanda lingine, kisha akapiga la pili. Mchezo ambao katika umbo lake la asili ulidai nusu siku nzima ya mtu mwenye nafasi ukawa mchezo wa dakika zilizookotwa. Wakati ule ule ambapo uanachama wa klabu uliuzwa kwa bei ya nyumba, karani wa Tokyo aliweza kuwa na uwanja wake mfukoni, akaufungua kati ya kituo na kituo.

Hata hivyo wepesi wa bei na wepesi wa umbo havikutosha. Mtu aweza kufunguliwa lango akaogopa kuingia, kwa sababu ya uzito wa uso wa aliye ndani. Gofu ilikuwa na uso mzito: ukimya, adabu, minong'ono ya watazamaji. Lango hili la mwisho halikufunguliwa kwa ufundi wa mashine. Lilifunguliwa kwa kicheko.

Mwaka 1997 ulitoka Japani mchezo wa gofu uliotungwa na kampuni ya Camelot, ambao jina lake lasema yote: Minna no Golf, yaani gofu ya watu wote. Wachezaji wake walichorwa na vichwa vikubwa na miili mifupi. Walirukaruka kwa furaha na kulia kwa mapigo mabaya. Mfululizo huo ulipokelewa baadaye na kampuni ya Clap Hanz, na mwezi Desemba 2004 ulikuwa miongoni mwa michezo iliyoizindua mashine ya mkononi ya PSP. Camelot wenyewe walikwenda Nintendo, na mwaka 1999 wakatoa Mario Golf, toleo moja kwa mashine ya nyumbani na jingine kwa ile ya mkononi yenye rangi.

Toleo la mkononi ndilo lenye fundisho kubwa zaidi. Ndani yake mchezaji haanzi kama bingwa. Huanza kama mwanafunzi asiyejulikana katika klabu iitwayo Marion. Hutembea uani, huzungumza na watu, hupata mawaidha ya wazee wa mchezo, hujizoeza mapigo mafupi, na kwa kila mafanikio huongezewa nguvu kidogo. Akiushinda ubingwa wa Marion, huenda katika klabu nyingine, kisha nyingine, mpaka zote nne, na mwisho hukutana na Mario mwenyewe. Mario ni nani? Alipotokea kwa mara ya kwanza mwaka 1981, kwa kalamu ya Shigeru Miyamoto, alikuwa seremala. Baada ya muda mfupi akawa fundi wa mabomba. Na tulitafakari hilo. Katika klabu za gofu za dunia ya kweli, fundi wa mabomba huingia kwa mlango wa nyuma, akiwa na spana mkononi, na hutoka mfereji ukishatengemaa. Katika mchezo huu yeye ndiye bingwa anayengojewa mwisho wa safari, na watoto wa matajiri na wa maskini kwa pamoja humtamani awe mpinzani wao. Yamkini watungaji hawakukusudia hotuba ya siasa. Walikusudia kuchekesha. Lakini kicheko kina tabia ya kusema kweli bila kuulizwa.

Wanaozijua baraza za bao hawatashangaa. Pale mkekani au bencini, anayecheza ni mmoja na wanaomcheza shere ni kumi. Mzaha ni sehemu ya mchezo, na kwa mzaha huo mvuvi humfunga tajiri wa duka bila kumvunjia heshima. Ukiondoa mzaha, bao litabaki hesabu ya kete, na pengine litabaki kwa mafundi peke yao. Ndivyo ilivyo kwa gofu ya kiganjani. Mtu mfupi anayeinamisha kichwa mpira ukiingia majini humwambia anayejifunza kwamba kushindwa si aibu ya kufichwa. Kumekwisha kuchekwa tayari, sasa piga tena.

Ni wajibu wa mwandishi mwaminifu kuziweka mezani hoja zinazompinga. Watu wasema: huu ni udanganyifu. Mlichompa karani ni picha ya uwanja, na uwanja umebaki na wenyewe. Hapana majani chini ya miguu yake, hapana upepo usoni, hapana rafiki wa kutembea naye. Na badala ya kuidai ardhi, amenunuliwa kwa kichezeo akanyamaza. Hoja hii ina nguvu, na sehemu yake ni kweli tupu. Mashine haikumrudishia mtu yeyote hata futi moja ya ardhi. Klabu za Japani hazikufunguliwa na Game Boy. Bei zake zilianguka kwa sababu uchumi wa ardhi ulipasuka baada ya mwaka 1990. Wala mashine yenyewe si sadaka. Ina bei, na katika nchi nyingi bei hiyo ni lango jipya lililosimama penye lango la zamani.

Pamoja na hayo, hoja hiyo inasahau mwanzo wa mchezo. Yule Mskoti wa karne ya 15 aliyekatazwa na Bunge hakuwa na shamba pia. Alichokuwa nacho ni fimbo, mpira na haki ya kupita katika nyika ya wote. Kitu kilichopotea kwake katika karne zilizofuata kilikuwa uhuru wa kujaribu bila kuulizwa jina la baba yake, na huo ndio kichezeo kilichourudisha, kwa kipimo chake kidogo. Picha ya uwanja haiwi uwanja, lakini mtu aliyekwisha kuujua mchezo kwa ndani hawezi tena kuambiwa kwamba mchezo huo si wa watu wa namna yake. Kujua ni hatua ya kwanza ya kudai, na mara nyingi malango ya dunia yameanza kulegea pale waliokuwa nje walipogundua kwamba kilicho ndani hakina muujiza.

Sasa tumefika kwenye jambo linalonifanya niyaandike haya leo na nisiyaache kwa kesho. Kiswahili kina neno gofu ambalo haliuhusu mchezo huu hata kidogo: gofu la nyumba, jengo lililobaki kuta baada ya wenyewe kuondoka. Tunayo magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Gedi, na kwa mawe yale wataalamu wamesoma biashara, ibada na hata vyakula vya watu waliokufa karne nyingi zilizopita. Michezo ninayoieleza haiachi mawe. Kaseti ya mwaka 1999 hutunza safari ya mchezaji kwa betri ndogo iliyofungwa ndani yake. Betri ikifa, mwanafunzi wa Marion hufa pamoja na vikombe vyake vyote. Mario Golf ya mkononi iliuzwa tena baadaye kupitia duka la intaneti la mashine iitwayo 3DS. Duka hilo lilifungwa mwezi Machi 2023, na mwezi Aprili 2024 huduma za kucheza kwa pamoja za mashine hiyo zikakatwa. Mashindano waliyoyafanya watu wa mabara mbalimbali katika Mario Golf: World Tour, mchezo wa mwaka 2014, hayana uwanja wa kuchimbua. Hapana ukuta uliobaki.

Kisa kimoja chaonyesha wepesi wa kupotea kwa vitu hivi. Satoru Iwata, yule kijana wa mwaka 1984, alipanda mpaka akawa rais wa Nintendo mwaka 2002, na alifariki tarehe 11 Julai 2015 akiwa na miaka 55. Mwaka 2017 kampuni ilitoa mashine ya Switch. Miezi michache baadaye, wadadisi waligundua kwamba ndani yake ulikuwa umefichwa ule mchezo wa kwanza wa gofu alioandika Iwata. Uliweza kufunguka tarehe moja tu ya mwaka, 11 Julai, na kwa mtu aliyeshika vipande viwili vya mashine na kuisogeza mikono mbele kwa ishara ile ambayo marehemu alizoea kuitumia akiwahutubia watu. Kampuni haikuwa imetangaza neno. Kulikuwa na kumbukumbu ya marehemu ndani ya kila mashine iliyouzwa, katika nyumba zisizo na habari naye, kama hirizi iliyoshonwa ndani ya pindo la nguo. Kisha, kwa badiliko la programu lililofuata, ikaondolewa. Iliondoka kimya kama ilivyokuja, na leo twaijua kwa sababu wako watu waliojali kuandika.

Katika hilo pana kazi kwa wanafunzi na wanazuoni wa lugha hii. Waswahili wanaocheza michezo ya kiganjani ni wengi, na wamekwisha kuiundia misamiati yao wenyewe: maneno ya kaseti, ya vitufe, ya kushinda na ya kufungwa, maneno ambayo hayamo katika kamusi kwa sababu hakuna aliyewauliza. Wachezaji wa mashine za kwanza sasa ni watu wazima wenye watoto. Wanaweza kuulizwa walicheza wapi, kwa zamu ya namna gani, mashine ilikuwa ya nani, na nani aliyekatazwa. Hayo yakikusanywa, tutakuwa na historia ya kupumzika kwetu wenyewe, na siyo ya Waskoti na Wajapani peke yao. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi wala ruhusa ya mtu. Yahitaji daftari, kalamu na masikio, na yafaa ianze kabla ya wenye habari hizo kuondoka nazo.